Programu za Windows kwenye Mac au Linux: mbunifu achague njia ipi?

Mtu akinunua MacBook, au akiweka Linux kwenye laptopu yake, mambo huenda vizuri mpaka siku oda inapoingia: mteja ametuma faili la CorelDRAW, programu ya michoro na mabango, au mhandisi anataka modeli ya Revit, programu ya usanifu majengo, na toleo ulilozoea ni la Windows. Hapo ushauri unaanza kumiminika. Mmoja anasema weka Parallels, mwingine anasema jaribu Wine, wa tatu anakwambia gawa diski. Wote wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa kompyuta yake na kazi yake.

Njia ziko nne. Ya kwanza ni mifumo miwili kwenye kompyuta moja: ukiwasha unachagua uingie Windows au ule mwingine. Ya pili ni mashine pepe, yaani Windows inayofanya kazi ndani ya dirisha kama programu nyingine yoyote, kupitia programu kama Parallels, VMware Fusion au VirtualBox. Ya tatu ni Wine na ndugu yake wa kulipia, CrossOver, ambazo huendesha programu ya Windows bila Windows yenyewe. Ya nne ni kuiacha programu kwenye kompyuta nyingine na kuitumia kwa mbali. Sitazipa uzito sawa, kwa sababu hazina uzito sawa kwa mtu wa michoro.

| Njia | Mac ya chipu M | Mac ya Intel | PC yenye Linux | Leseni ya Windows | 3D nzito |
|---|---|---|---|---|---|
| Mifumo miwili | Haiwezekani | Ndiyo, Windows 10 | Ndiyo | Lazima | Nzuri |
| Mashine pepe | Ndiyo, Windows ya ARM | Ndiyo | Ndiyo | Lazima | Dhaifu au wastani |
| Wine, CrossOver | Baadhi ya programu | Baadhi | Baadhi | Haihitajiki | Hutegemea programu |
| Kompyuta ya mbali | Ndiyo | Ndiyo | Ndiyo | Ya kompyuta ile | Nzuri, mtandao ukiruhusu |

Tazama chipu kabla ya bei

Novemba 2020 Apple ilitoa Mac za kwanza zenye chipu yake yenyewe, M1. Kwa anayehitaji Windows, hapo ndipo Mac zilipogawanyika makundi mawili yasiyofanana hata kidogo, ingawa kwa nje huwezi kuyatofautisha.

Mac za Intel zina Boot Camp, iliyoanza mwaka 2006, inayoigeuza kompyuta kuwa PC kamili ukiamua. Ndiyo maana MacBook Pro za mtumba za 2015 hadi 2019 bado zinatafutwa na wasanifu majengo. Tatizo ni kwamba Boot Camp inaishia Windows 10, na Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Tena Apple imeshasema macOS 26 ni ya mwisho kwa Mac za Intel. Ukiuziwa Mac ya Intel leo kwa hoja ya "inapiga Windows pia", jua unanunua kompyuta ambayo pande zake zote mbili zinaelekea machweo. Kwa bei ya chini sana inaweza kufaa, lakini isiwe kwa bei ya kukaribiana na M1.

Mac za chipu M hazina Boot Camp kabisa. Zinapokea Windows kwa njia ya mashine pepe tu, na Windows yenyewe lazima iwe ile ya ARM, yaani iliyoandikwa kwa jamii ya chipu hizo. Ndani ya Windows hiyo, programu nyingi za usanifu bado zimeandikwa kwa Intel na AMD, kwa hiyo Windows inazitafsiri papo kwa papo kila zinapofanya kazi. Kwa mchoro wa ramani ya nyumba wa 2D huwezi kuhisi tofauti kubwa. Kwa modeli ya jengo la ghorofa kumi, utaihisi.

Mwenye PC yenye Linux yuko katika hali nzuri kuliko anavyodhani: chipu yake ni ileile inayotakiwa na Windows, hivyo njia zote nne ziko wazi kwake.

Mashine pepe dhidi ya mifumo miwili

Huu ndio uchaguzi wenyewe kwa watu wengi. Mashine pepe ni kama mpangaji ndani ya nyumba yako: yupo muda wote, mnaongea mlangoni, lakini anakula umeme na maji yako. Windows 11 inadai RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64 kabla hujaweka programu hata moja, na AutoCAD za miaka ya karibuni zinataka angalau GB 8 za RAM zenyewe. Mac M1 ya GB 8 haiongezeki RAM, imeshonewa humohumo. Ukiigawa nusu kwa nusu, pande zote mbili zinabaki na njaa, na kompyuta inaanza kutumia diski mahali pa RAM. Kwa hiyo kwangu sheria ni fupi: chini ya GB 16, mashine pepe ni ya kufungulia mafaili na kusahihisha herufi. Siyo ya kufanyia kazi kutwa nzima.

Mifumo miwili haina ugomvi huo. Ukiwa Windows, RAM yote na kadi ya michoro yote ni ya Windows. Kadi ya michoro ndiyo kiini cha habari kwa watu wa 3D. Katika VirtualBox, kwa mfano, kumbukumbu ya michoro unayoweza kuipa Windows haizidi MB 256, wakati matoleo mapya ya AutoCAD yanataja GB 2 kama kiwango cha chini. Unaweza kuwa na kadi ya NVIDIA ya bei ya pikipiki ndani ya laptopu yako, na Windows iliyo ndani ya VirtualBox isiione kamwe. Kwenye Linux kuna namna ya kuikabidhi mashine pepe kadi nzima ya michoro kupitia KVM, mfumo wa mashine pepe wa Linux wenyewe, na ikikubali kasi yake inakaribia ya PC halisi. Lakini kwa kawaida inataka kompyuta ya mezani yenye kadi mbili na mtu asiyeogopa kuhariri mipangilio ya mfumo. Kwenye laptopu, mara nyingi utapoteza wikiendi bure.

Parallels kwenye Mac inafanya vizuri zaidi kwa michoro kuliko VirtualBox, na tangu Februari 2023 Microsoft inaitambua kama njia halali ya kuendesha Windows 11 kwenye Mac za chipu M. Hata hivyo inaishia DirectX 11, toleo la zamani la njia ambayo programu za Windows huitumia kuchora 3D. Revit itafunguka, ndiyo, na mafundi wengi wanaitumia hivyo, lakini Autodesk haiungi mkono matumizi hayo rasmi. Ikigoma siku ya kuwasilisha kazi, hakuna wa kumpigia simu.

Kwa bei: Parallels ni ya kulipia. VMware Fusion imekuwa ya bure kwa matumizi yote, ya biashara pia, tangu Novemba 2024. UTM nayo ni ya bure, ila kwa Windows haina nguvu ya maana upande wa 3D. Kama kazi yako ni CorelDRAW, kadi za harusi, stika na mabango, Fusion inatosha. Sioni sababu ya kulipia Parallels mpaka Fusion ikushinde. Kama unaingia AutoCAD kila siku, Parallels inastahili pesa yake.

Kuna faida moja ya mashine pepe ambayo watu wa duka la uchapaji wanapaswa kuithamini kuliko wengine wote. Wateja huja na flashi. Flashi moja ya Kariakoo au River Road inaweza kuwa imepita kwenye kompyuta ishirini kabla ya kufika kwako. Ukiifungulia ndani ya mashine pepe, na ukawa ulishahifadhi hali yake ya asubuhi, virusi vikiingia unairudisha Windows ilivyokuwa kwa dakika chache. Tena Windows yote hiyo ni rundo la mafaili tu: unayanakili kwenye diski ya nje, na laptopu ikiibiwa unaendelea kwenye nyingine, alimradi chipu ni za jamii moja. Windows itataka kuhakikiwa leseni upya, lakini programu na fonti zako zote zitakuwepo. Sharti flashi usiiunganishe na upande wa Mac, wala usishirikishe folda zote baina ya pande mbili, maana hapo ukuta umeutoboa mwenyewe.

Mifumo miwili ina usumbufu wake, na mwingi ni wa kipuuzi. Linux huhesabu saa ya ndani ya kompyuta kwa UTC, Windows huihesabu kwa saa ya mahali ulipo. Kwa sisi wa UTC+3, ukihama mfumo saa inaruka saa 3 kamili, mbele au nyuma, na watu hukimbilia kubadilisha betri ya ubao. Betri haina kosa. Amri ya `timedatectl set-local-rtc 1` upande wa Linux inamaliza habari. Jingine ni kule kuwasha kwa haraka kwa Windows (Fast Startup): unadhani umeizima, kumbe imelala nusu usingizi, na Linux ikija inakataa kuandika kwenye diski hiyo. Izime mipangilio hiyo mapema. Na kabla hujagusa mgawanyo wa diski, chukua ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows la diski, uuandike mahali nje ya kompyuta hiyo, kwa sababu laptopu nyingi mpya zinakuja diski ikiwa imefungwa kimyakimya.

Sasisho nalo huleta balaa. Agosti 2024 sasisho la Windows lilifanya Linux igome kuwaka kwenye baadhi ya kompyuta zenye mifumo miwili. Kama laptopu yako ina nafasi ya SSD ya pili, weka kila mfumo kwenye diski yake. Inagharimu kidogo na inapunguza ugomvi mwingi.

Lakini kero kubwa ya mifumo miwili haimo kwenye mitambo. Ni kule kuzima na kuwasha. Mteja yuko WhatsApp anataka kuona rangi nyingine, faili liko Windows, barua pepe na ankara ziko Linux. Baada ya wiki chache utakuta umehamia Windows moja kwa moja, na ule mfumo mwingine umebaki kukalia diski. Kama unajua ndivyo itakavyokuwa, weka Windows tu na uache kujisumbua.

Kijiti cha leseni na plota: jambo ambalo wauzaji hawakwambii

Mashine ya kukatia stika, mashine ya kudarizi, kalamu ya kuchorea, na kile kijiti cha USB kinachochomekwa ili programu ikubali kufunguka, vyote hutegemea draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa. Hapa ndipo Mac za chipu M huwaangusha watu waliokwisha kulipa. Windows ya ARM hutafsiri programu, lakini haitafsiri draiva. Draiva lazima iwe imeandikwa kwa ARM. Kwa hiyo programu ya kukatia stika inaweza kusakinika, ikafunguka, ikaonyesha kila kitufe, halafu isiione mashine iliyoko mezani. Kama ni plota ya Kichina ya miaka kumi iliyopita ambayo CD yake ina draiva za Windows XP na 7, usitegemee muujiza.

Kwenye PC yenye Linux, mashine pepe hupokea kifaa cha USB na kukipitisha kwa Windows ya kawaida, na draiva ya kawaida hukubali. Mara nyingi inafanya kazi. Kwa mifumo miwili inafanya kazi kama kwenye kompyuta yoyote ya Windows. Hivyo mwenye duka la stika na fulana asianze na swali la kasi. Aanze na mashine aliyonayo: draiva yake ni ya nini?

Wanaodarizi nembo za sare za shule na kofia wana tatizo hilohilo kwa programu kama Wilcom, ambayo ni ya Windows. Kwao kuna mlango mwingine: Ink/Stitch, kiongezi cha bure cha Inkscape, kinafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux na kinatoa mafaili ya DST na PES ambayo mashine nyingi zinasoma. Hakina ustadi wote wa Wilcom. Kwa nembo za shule na majina ya vifuani kinatosha, na faili linaweza kwenda kwenye mashine kwa flashi bila draiva yoyote.

Wine na CrossOver

Wine ilianza mwaka 1993, na kazi yake ni kuichukua programu ya Windows, kusikiliza inachoomba, na kuyageuza maombi hayo yaeleweke na Linux au Mac. Hakuna Windows ndani yake, kwa hiyo hakuna leseni ya Windows ya kununua, wala GB 64 za kupoteza. Kwa kompyuta dhaifu ni njia nyepesi kuliko zote.

Zamani ilionekana kama ndiyo njia kuu. Corel wenyewe walipotoa CorelDRAW 9 kwa Linux mwaka 2000, waliijenga juu ya Wine. Halafu wakaliacha soko hilo.

Udhaifu wa leo hauko sana kwenye kuchora. Uko kwenye kusakinisha na kuingia akaunti. Programu za sasa za Adobe na Autodesk huja na visakinishi vikubwa, huduma za nyuma ya pazia na uhakiki wa leseni kupitia intaneti, na huko ndiko Wine inakokwama. Photoshop CS6 ya mwaka 2012 inajulikana kwa kukubali vizuri. Photoshop ya usajili wa kila mwezi ni kazi ya kubahatisha. Toleo jipya likitoka, lililokuwa likifanya kazi jana linaweza kugoma. Kwa hiyo Wine ningempa mtu mwenye programu ndogo au ya zamani aliyoinunua kihalali na asiyetaka kuisasisha. Aliyezoea programu zilizochakachuliwa asiifuate Wine kama kimbilio. Krak nyingi huchezea palepale Wine inapopata shida, na zikikubali, hujui zimekuja na nini.

Jambo moja dogo huwasumbua wengi: fonti. Wine haina fonti za Microsoft, kwa hiyo mchoro unafunguka na maandishi yamehama. Zisakinishe kwanza kwa Winetricks, programu saidizi ya Wine, kabla hujailaumu programu.

Kwenye Mac, CrossOver ndiyo Wine iliyofungashwa vizuri. Kwenye chipu M imekuwa ikitegemea Rosetta 2, kitafsiri cha Apple, na Apple imetangaza kwamba Rosetta kamili itakuwepo hadi macOS 27. Baada ya hapo kitakachobaki ni sehemu tu, kwa ajili ya michezo ya zamani. Usijenge ofisi juu yake bila kuangalia mbele.

Kompyuta ya mbali

Kama ofisini kuna PC ya mezani yenye kadi nzuri ya michoro, hii inazishinda zote kwa 3D. Laptopu yako inakuwa skrini na kipanya tu. Hata MacBook Air haitapata joto. Kwenye mtandao wa ndani ya jengo moja huenda usihitaji hata bando. Kumbuka tu kwamba Remote Desktop ya Microsoft hupokea wageni kwenye Windows Pro, siyo Home. Kwa Home tumia Chrome Remote Desktop, AnyDesk au Parsec.

Ukitoka nje ya jengo, mambo yanabadilika. Kuchora mstari kunahitaji kipanya na skrini viende pamoja, na mtandao wa simu wa jioni hauna subira hiyo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi, na anayetegemea huduma ambayo seva zake ziko ng'ambo hakuwa na la kufanya. Ongeza umeme: ukikatika kule ofisini na hakuna UPS, kazi uliyoifungua nyumbani nayo inazimika. Iwe njia ya pili, na nakala ya faili iwe kwenye laptopu.

Huenda huhitaji Windows kabisa

Hili lilipaswa kuulizwa mwanzo, lakini wengi huliuliza baada ya kulipa. AutoCAD ya Mac ipo tangu 2010, toleo la 2024 likaja kufanya kazi moja kwa moja kwenye chipu M, na usajili wa AutoCAD hukuruhusu kutumia ya Windows na ya Mac. Inakosa baadhi ya vifaa vya toleo la Windows, kama vile seti ya usanifu majengo, lakini kwa 2D ya kawaida faili ni lilelile la DWG, aina ya faili ya AutoCAD. CorelDRAW ilirudi kwenye Mac mwaka 2019. ArchiCAD, SketchUp, Rhino na Blender zote zina toleo la Mac. Walio Linux wana BricsCAD kwa DWG, FreeCAD, Blender, na QGIS kwa ramani. Miongoni mwa zinazobaki Windows pekee ni Revit, 3ds Max, Civil 3D na SolidWorks, na kwa hizo usijidanganye na mbadala kama wenzako wote wa mradi wanazitumia.

Kwa faili la CDR (la CorelDRAW) la mteja, Inkscape hulifungua mara nyingi, ila vivuli na maandishi huweza kuharibika. Kabla ya kununua chochote, mwombe mteja alitoe kama PDF na maandishi yakiwa yamegeuzwa kuwa mistari.

Sasa, kama ningekuwa na PC yenye kadi nzuri na kazi ya Revit kila siku, ningeweka Windows kwenye SSD yake yenyewe. Kwa Mac M ya GB 16 na kazi ya mabango, VMware Fusion. Mwenye M1 ya GB 8 anayetaka Revit, ningemshauri aiache Mac kwa barua na mawasilisho, atafute PC ya mezani ya mtumba yenye RAM ya kuongezeka, kisha aifikie kwa mtandao wa ndani. Na yeyote anayekaribia kulipia Parallels au CrossOver: zote zina siku 14 za majaribio. Usizitumie kufungulia faili tupu. Chukua kazi nzito kuliko zote uliyowahi kumaliza, chomeka plota yako, na uitoe hadi mwisho, stika ikiwa imekatwa.